Sura ya Sita: Shida Iko Uwanjani, Haiko Angani

Wazazi wenye watoto kama wangu, wakisikia tumesafiri kwa ndege, huniuliza swali lilelile: "Akichafuka huko juu, utashukia wapi?" Ni swali la haki. Basi likifika Singida au Msamvu husimama, mama akashuka na mtoto, akamzungusha nyuma ya vibanda vya chakula mpaka pumzi zikatulia. Ndege haina Msamvu. Kwa hofu hiyo familia nyingi hukata tiketi ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, zikashinda barabarani, video za vichekesho zikipiga kelele juu ya vichwa vyao na wachuuzi wakigonga vioo kila kituo. Mtoto anafika akiwa amekwisha kabisa, na siku mbili za kwanza kwa bibi yake anazimalizia chini ya kitanda.

Mimi huwajibu kwamba kwa safari fupi za ndani, huko juu ndiko kwenye nafuu. Kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kama dakika 20. Nairobi hadi Kisumu haifiki saa nzima. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama saa moja na nusu. Muda huo mtoto yuko kwenye kiti kimoja, anatazama upande mmoja, mkanda umemshika kiunoni, hakuna mgeni anayeingia wala anayetoka, na hakuna anayemtaka asalimie wakubwa. Mtoto mwenye usonji anaweza kutulia hapo kuliko anavyotulia sebuleni kwao siku ya wageni. Kinachomvunja ni zile saa mbili tatu za kabla: milango, foleni, mashine, vipaza sauti, mikono ya watu asiowajua. Kwa hiyo sura hii itakaa sana chini, na angani itapita haraka.

Watoto ninaowazungumzia hawatembei kwa gongo wala kiti cha magurudumu. Mmoja ana usonji. Mwingine ana kifafa kinachotulizwa kwa dawa asubuhi na jioni. Mwingine ana selimundu, mwingine kisukari cha utotoni, mwingine anasikia nusu ya maneno na nusu anakisia kwa kutazama midomo. Yupo pia yule ambaye mwili wake haujui kukaa kitako, anayeamka na kuzunguka hata usingizi ukiwa umemzidi. Ukiwaona foleni, ni watoto wazima, wamechanwa nywele, wamevaa nguo za safari. Adha inaanzia hapo. Mwenye gongo akichelewa mlangoni, watu humpisha. Mwenye usonji akijitupa sakafuni kwa sababu kipaza sauti kimemlilia sikioni, watu humtazama mama yake. Nimeshaambiwa nimemdekeza. Nimeshaambiwa kofi moja tu litamnyamazisha. Mwanamke mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishika bega akanishauri nimpeleke akaombewe.

Wengi wetu akili zetu huchuja bila sisi kujua. Tukiwa tunaongea na mtu, mlio wa feni, mwanga wa taa na harufu ya manukato ya jirani vinarudi nyuma vyenyewe. Kwa watoto wengi wenye usonji havirudi nyuma. Vyote vinaingia pamoja na kwa nguvu ileile. Fikiria umesimama katikati ya Kariakoo jioni ya mkesha wa Idi, kila duka limefungulia spika yake, na mtu anakutaka ufanye hesabu ya kugawanya papo hapo. Ukishindwa, anakuuliza mama yako alikulea vipi.

Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, ulianza kuwapa abiria wenye ulemavu usioonekana utepe wa kuvaa shingoni, wa kijani, wenye maua ya alizeti. Utepe hautaji ugonjwa. Mfanyakazi akiuona, anajua kwamba abiria huyu huenda akahitaji muda zaidi, maelezo yaliyo wazi, au kuondolewa kwenye msongamano, na anamuuliza amsaidie vipi. Mwaka huohuo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ilitoa mwongozo kwa viwanja vya nchi hiyo kuhusu abiria wa namna hii. Tangu hapo alizeti imeingia viwanja vingi duniani, na imetoka viwanjani ikafika madukani, hospitalini na kwenye treni.

Naupenda mpango huo, lakini nataka mzazi aelewe nguvu yake inatoka wapi. Inatoka kwa mfanyakazi aliyefundishwa. Utepe uleule ukiuvaa mahali ambapo mkaguzi hajawahi kuusikia, utavuliwa uingizwe kwenye mashine pamoja na funguo na saa. Kwa hiyo, katika viwanja vyetu vingi, kinachofanya kazi bado ni mdomo wa mzazi, ukisaidiwa na karatasi. Mimi hubeba kadi niliyoiandika mwenyewe, ukubwa wa kitambulisho: "Mwanangu ana usonji. Kelele na kuguswa ghafla humtisha. Tafadhali zungumza naye taratibu, umwambie kabla ya kumgusa." Nyuma yake ipo namba ya simu ya baba yake. Barua ya daktari nayo ninayo, imekunjwa kwenye cheti cha kuzaliwa, maana kwa safari za ndani cheti hicho mara nyingi ndicho kitambulisho cha mtoto. Barua ni ya maofisa, kadi ni ya watu wa foleni. Ukimpa mtu wa foleni barua ya hospitali, utajikuta unamsomea historia nzima ya ujauzito wako.

Kabla ya hayo yote ipo simu moja ambayo wazazi wengi hawaipigi. Mashirika ya ndege duniani yana misimbo ya herufi nne kwa abiria wanaohitaji msaada. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi ya ndege mwenyewe lakini hawezi kutembea mwendo mrefu. DPNA ni abiria mwenye ulemavu wa akili au wa makuzi anayehitaji kusaidiwa. Msimbo huu wa pili ndio wa mtoto mwenye usonji, na hauna gharama kuuandika. Mpigie simu wakala au shirika lenyewe angalau saa 48 kabla ya safari, mwambie: "Naomba uniwekee DPNA kwenye nafasi ya mtoto, na uandike pembeni kwamba ana usonji na anaogopa kelele." Akikuuliza ni kitu gani, mtajie herufi moja moja. Ukisema tu kwamba unahitaji msaada maalumu, unaweza kuletewa kiti cha magurudumu, kama nilivyoletewa mimi kwenye uwanja mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Kijana aliyekisukuma alikuwa mpole na kiti kilikuwa kisafi, ila miguu ya mwanangu haina tatizo lolote. Alichohitaji ni mlango wenye watu wachache, na huo hakuna aliyekuwa na maelekezo ya kumfungulia. Aliyepokea simu yako, muulize jina, uliandike pamoja na saa mliyozungumza. Siku ya safari jina hilo linafungua masikio ya mtu wa kaunta.

Halafu kuna suala la saa ya kuondoka, na hapa sina jibu moja la kumpa kila mzazi. Ndege za ndani huzunguka siku nzima: iliyokwenda Mwanza alfajiri ndiyo inarudi Dar es Salaam, ndiyo inakwenda tena kwingine. Ikichelewa mzunguko mmoja, uchelewaji huo hubebwa na mizunguko inayofuata. Safari ya kwanza ya siku ndiyo yenye uhakika zaidi, na kwa mtoto asiyeweza kuvumilia kungoja, uhakika ni dawa. Lakini ndege ya saa kumi na mbili asubuhi maana yake ni kuamshana saa tisa usiku, na kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuchochea kifafa. Mimi nina watoto wa aina zote mbili, kaka mwenye usonji na mdogo wake wa kike mwenye kifafa. Saa inayomfaa mmoja inamdhuru mwenzake. Nimechagua usingizi. Tunapanda ndege ya kati ya asubuhi, baada ya chai na baada ya dawa, na tunakubali kwamba huenda ikachelewa. Ndege ikichelewa, nina njia za kumshika kijana wangu mkono tukavuka. Kifafa hakishikwi mkono.

Siku zilizobaki kabla ya safari ni za mazoezi. Mwaka 2011, katika uwanja wa Logan mjini Boston, Marekani, ulianza mpango wa Wings for Autism. Familia hufika uwanjani na mabegi yao, huchukua pasi za kupandia ndege, hupita kwenye ukaguzi, hungoja, hupanda, hufunga mikanda, na ndege haiondoki. Wanashuka, wanarudi nyumbani. Mpango huo ulisambaa viwanja vingine vya nchi hiyo, na sababu iko wazi: mtoto anayeogopa jambo asilolijua hawezi kutulizwa kwa maneno, anahitaji kulijua. Sioni kwa nini kampuni zetu, zenye ndege zinazolala uwanjani usiku, zisifanye hivyo hata mara moja kwa mwaka.

Mpaka watakapofanya, mazoezi ni ya nyumbani. Viti viwili vya plastiki vimepangwa nyuma ya viwili vingine, mkanda wa baba umefungwa kiunoni, mlango wa jikoni ndio mlango wa ukaguzi, na dada yake ndiye mkaguzi. Mtoto ananyanyua mikono, anavua viatu, anaviweka kwenye beseni, anavichukua upande wa pili. Kwenye simu nampangia picha kwa mfuatano: nyumbani, teksi, jengo la uwanja kwa nje, kaunta, viti vya kungojea, ngazi ya ndege, kiti, bibi. Sehemu ya ukaguzi usiipige picha, maana itakuletea maswali ambayo huna muda nayo. Ichore kwa kalamu. Ukiweza, nenda naye uwanjani siku nyingine kabisa, msimame nje, mtazame ndege zikiruka, mrudi. Hiyo peke yake inaondoa nusu ya hofu.

Jambo moja usilifanye: usimwahidi saa. Kuna watoto wenye usonji ambao neno kwao ni mkataba. Ukimwambia "tutaondoka saa nne," saa nne na dakika moja dunia yake imepasuka, na wewe ndiye uliyesema uongo. Mwambie mfuatano badala ya muda: tutangoja, tutaitwa, tutatembea, tutapanda. Kungoja kuwe hatua yenye jina na picha yake kama hatua nyingine zote. Hapo ndege ikichelewa saa nzima, bado mko kwenye ile picha ya viti, hamjatoka kwenye mpango.

Jengo la Pili la Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 1984, na safari nyingi za ndani zimekuwa zikianzia hapo hata baada ya Jengo la Tatu kufunguliwa mwaka 2019. Kama ilivyo katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki, abiria hukaguliwa mara mbili: mlangoni kabla hajafika kaunta, na tena kabla ya chumba cha kungojea. Kwa hiyo mara mbili mtoto anavuliwa viatu, mara mbili anaachana na mdoli wake, mara mbili anapita chini ya kitu kinacholia. Mzazi asiyejua hilo humtuliza mtoto mara ya kwanza kwa kumwambia "tayari, yamekwisha," na baada ya robo saa yanaanza upya. Mwambie tangu nyumbani kwamba ni mara mbili.

Mvalishe suruali ya lastiki na viatu vya kuchomoa visivyo na chuma. Mtu mzima mmoja apite kwanza, ili mtoto aone upande wa pili kuna mtu wake. Kile kitu anachokishika asitenganishwe nacho mapema; kiingie kwenye mashine mwisho kabisa, hatua moja kabla yeye hajapita, ili watoke karibu pamoja. Mwanangu hubeba kijiko cha mbao, na nimeshamwona mkaguzi akikigeuzageuza akitafuta kilichofichwa ndani. Nilimwachia akigeuze. Ni kazi yake.

Na useme mapema, kabla ya zamu yenu kufika. Mazungumzo yetu huwa hivi:

"Mama, mvue mtoto viatu."

"Sawa, kaka. Naomba kukwambia kitu kimoja. Mwanangu ana usonji. Akiguswa ghafla na mtu asiyemjua huogopa sana. Ukimwambia kwanza unachotaka kufanya, atatulia."

"Usonji ndiyo ugonjwa gani, mama?"

"Si wa kuambukiza, kaka. Kelele na kuguswa anavipokea kwa nguvu kuliko wewe na mimi."

Kaka huyo, kwenye uwanja wetu mmoja, alichukua kile kifaa chake cha mkononi, akakipitisha kwanza juu ya mkono wake mwenyewe mpaka kikalia kwenye saa. "Umesikia? Kinalia tu, hakiumi. Sasa nyanyua mikono kama mimi." Mwanangu alinyanyua. Hakuna aliyekuwa amemfundisha yule mkaguzi, aliona mwenyewe. Nimekutana na wengi wa namna hiyo, na nawashukuru. Nimekutana pia na aliyeniambia niwe namwacha nyumbani. Kati ya hao wawili tofauti ni tabia tu. Mafunzo yapo ili mtoto asitegemee kwamba leo yuko zamu mtu mwenye tabia njema.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko kunakoamua safari. Tafuta kiti cha ukutani, mbali na televisheni na mbali na kipaza sauti. Tazama juu kabla hujakaa, vipaza sauti viko darini. Hedifoni za kuzibia sauti ziwe shingoni mwake tangu nyumbani, asije akaanza kuzizoea pale. Chooni ogopa mashine ya kukaushia mikono. Inanguruma bila onyo, na nimeona watoto waliovumilia kila kitu wakashindwa na ile. Nenda na kitambaa chako, na umwombe mwenzako anayenawa asubiri kidogo. Mwaka 2017 uwanja wa Shannon, Ayalandi, ulifungua chumba cha utulivu kwa abiria wenye usonji na ulemavu unaofanana nao. Sisi tuna khanga. Tandaza moja sakafuni pembeni ya kiti na umfunike kwa ya pili, awe na giza lake na harufu ya nyumbani. Watu watatazama. Waache watazame.

Ukiitwa kupanda, fikiri kabla ya kukubali ukarimu. Desturi ni wenye watoto wapande kwanza, na kwa mama mwenye mtoto wa mgongoni ni msaada mkubwa. Kwa mtoto wangu inamaanisha dakika 25 za kukaa ndani ya chumba chembamba kinachojaa watu, mabegi yakipita juu ya kichwa chake, na safari haijaanza. Sisi hugawana. Mtu mzima mmoja anatangulia na mabegi, anashika viti, anafuta meza, anafungua mikanda. Mwingine anabaki na mtoto mpaka foleni iishe, wanapanda wa mwisho na kukaa moja kwa moja. Ukiwa peke yako, mwombe mhudumu wa getini. Kwenye viwanja ambako mnatembea kwa miguu hadi kwenye ndege, mwandae kwa jua, upepo, harufu ya mafuta na mngurumo. Hapo hedifoni zipande masikioni, na mkono wake uushike kwenye kiwiko ili asichomoke.

Ndani ya ndege mambo ni machache. Zile za pangaboi zina kelele zaidi kwenye viti vilivyo sambamba na pangaboi, kwa hiyo omba viti vya mbali nazo, na ujue kwamba safu ya mlango wa dharura hakuna mtoto anayeruhusiwa. Ndege hizo zina uzuri wake: mabawa yako juu, dirisha halikingwi. Katika Dash 8 Q400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, magurudumu makubwa hukunjwa ndani ya uvungu wa injini, na mtoto aliyekaa dirisha la jirani anayaona yakipanda baada ya kuruka na yakishuka kabla ya kutua. Kwa mtoto anayependa vitu vinavyozunguka, hiyo ndiyo zawadi ya safari. Ule mlio wa kukunjwa umtajie kabla: "Utasikia gru, ni magurudumu yanaingia ndani."

Masikio yanataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu mtoto asiyeongea hawezi kusema "sikio linaniuma." Atajipiga kichwa, atauma mkono wake, na wewe utadhani ni ndege anayoichukia. Angani, hewa ya ndani ya ndege kubwa hutunzwa isiwe nyepesi kuliko ilivyo kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, juu kuliko mji wa Njombe. Ndege ikianza kushuka, hewa inakuwa nzito tena, na mirija myembamba ya masikio ya watoto inachelewa kusawazisha. Dawa yake ni kumeza. Mpe pipi ya kijiti, ubuyu ikiwa ameshakua vya kutosha kuumung'unya bila kupaliwa, au kinywaji cha mrija, na uanze mapema, rubani atakapotangaza mnaanza kushuka, usingoje kutua. Kama amelala, mwamshe, kwa sababu aliyelala humeza mara chache. Mwanza iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Kushuka Mwanza, hewa hubadilika kidogo tu. Kushuka Dar es Salaam hubadilika sana. Mtoto aliyekwenda Mwanza bila kilio anaweza kulia wakati wa kurudi, naye hajabadilika tabia. Mwenye mafua makali apelekwe kwa daktari kabla ya kuruka. Vindege vidogo vya injini moja vinavyovuka kwenda Zanzibar havina mfumo wa kutunza hewa, lakini huruka chini, na masikio husumbua kidogo.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi. Dawa ya kifafa iliyoko kwenye mzigo uliobaki Dar es Salaam haimsaidii aliye Mwanza, na insulini ikiwekwa kwenye shehena inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Mtoto mwenye selimundu anywe maji ya kutosha tangu asubuhi na awe na sweta, maana hewa ya ndegeni ni kavu na ya baridi, na baridi na upungufu wa maji ni maadui zake. Kama ametoka kwenye maumivu makali karibuni, daktari wake aseme kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri hatasikia tangazo lolote, kwa hiyo mwambie mhudumu, na uketi upande wa sikio lake zima.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataka usafiri umfikie mwenye ulemavu sawa na wengine. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kenya imepata sheria mpya mwaka 2025. Viwanja vyetu vimejibu kwa viti vya magurudumu, njia za mteremko na vyoo vipana, na ni vizuri. Watoto wasioonekana ulemavu wao bado hawajajibiwa. Wanachohitaji hakidai jengo jipya. Kona moja ya ukumbi izimwe kipaza sauti. Wakaguzi na watu wa kaunta wafundishwe siku moja, na wafundishwe na wazazi na watu wenye usonji wenyewe. Herufi DPNA zijulikane na kila anayekata tiketi. Siku moja kwa mwaka familia ziruhusiwe kupanda ndege isiyoondoka. Mamlaka za viwanja na za usafiri wa anga zina uwezo wa kuagiza haya yote, nami naziomba ziagize.

Na wewe unayesafiri peke yako, na simu yako na begi lako dogo: ukimwona mtoto amelala sakafuni kwenye foleni ya ukaguzi, ameziba masikio, usimkazie macho mama yake na usimpe ushauri. Muulize, "Dada, nikushikie begi?" Kisha mpishe apite mbele.